Moyo wa Meneja Ulipopunguza Mwendo

Walikuwa wameshafika kona ya duka la rangi, nyumba imefungwa na ufunguo uko mfukoni, ndipo fundi wa jenereta alipotambua kwamba begi alilobeba halina uzito wowote. Nguo za mtoto wa miaka mitano ni nyepesi. Alilitoa bega la kushoto akalitia la kulia, kisha akalirudisha palepale, kama mtu anayetafuta mahali ambapo litaelemea kidogo, afadhali apate cha kulalamikia.

"Shati lake la mistari umeweka?"

"Nimeweka."

"Na kile kifuniko chake cha sufuria?"

Mkewe hakugeuka. Alikuwa mbele, mtoto mdogo yuko mgongoni kwenye mbeleko, na mkono wake umemshika mtoto mkubwa kwenye kifundo cha mkono, maana vidole alikuwa hakubali kushikwa. "Kila kitu nimeweka, baba Balozi. Tembea."

Siku hiyo walikuwa na vituo viwili. Kwanza hospitali kuu, ambako mdogo alikuwa anasubiriwa apimwe mapigo ya moyo. Halafu stendi ya mabasi, ambako mkubwa alikuwa anasubiriwa na shangazi yake ampeleke kwake, mbali, akakae huko. Akakae hadi lini, hakuna aliyesema. Walikuwa wamesema "kwa muda", na neno hilo lilikuwa kama kawa juu ya sahani: kila mtu alijua pana kitu chini yake, na hakuna aliyelinyanyua.

Mkubwa aliitwa Balozi. Jina alipewa na baba yake, siku walipoambiwa kliniki kwamba ana usonji na mkewe akalia njia nzima. "Sasa unalia nini?" fundi alimwambia. "Huyu ni balozi. Humwoni? Anawasikiliza watu wote, hamtazami mtu usoni, swali halijibu, wala hakuna karatasi atakayotia sahihi. Ana nchi yake huyu, anaiwakilisha." Mkewe akacheka huku kamasi zinamtiririka, na jina likaganda. Mdogo, aliyekuja baadaye, aliitwa Meneja. Alizaliwa na upara na kitambi, na kila alipopaza sauti, watu wazima wawili waliacha walichoshika wakakimbia.

"Safari hiyo!" muuza rangi aliwaita kutoka mlangoni kwake. "Begi hilo la wapi?"

"Balozi anaenda likizo kwa shangazi yake," mke wa fundi alisema.

"Likizo? Kwani ameshaanza shule?"

Swali halikuwa na ubaya. Muuza rangi alikuwa mtu mwema, aliyewahi kumrudisha Balozi nyumbani mara kadhaa alipomkuta amesimama katikati ya barabara. Lakini shule ya watoto wadogo ilikuwa imekaa na Balozi asubuhi moja tu, ikamrudisha kabla ya uji kupoa, na mwalimu akasema mbele ya wazazi wengine kwamba pale ni shule, si mahali pa kufugia. Mke wa fundi akavuta mbeleko juu na kuongeza mwendo.

Njiani palikuwa na maduka yenye jenereta nje, na nyingi fundi alikuwa amezishika kwa mikono yake. Balozi alizifahamu zote. Umeme ulikuwepo, kwa hiyo zilikuwa kimya, lakini alisimama mbele ya kila moja, akaiwekea kiganja, akasubiri, akaona hamna habari, akaendelea. Zikiwa zinaunguruma hukuweza kumbandua. Angelaza shavu kwenye bati na kuvuma nazo, mmmm, sauti ileile moja, mpaka mwenye duka aje na fimbo au na biskuti, kutegemea mwenye duka ni nani.

"Jana Meneja kavuma," mkewe alisema, bado yuko mbele.

"Kavuma vipi?"

"Kama huyu. Nimemkalisha chini ananitazama, Balozi yuko ukutani na mambo yake. Mara mwenzangu ananiacha, anageuza shingo kule, anaanza: mmmm. Nimemwita jina. Nimepiga makofi. Hakugeuka."

"Mtoto huiga, mama Balozi. Mwenzake akikohoa na yeye hukohoa."

"Sasa mimi nasema nini? Ndicho ninachosema! Leo ataiga kuvuma, kesho ataiga kutotazama watu, keshokutwa tutakuwa na mabalozi wawili hatuna hata raia mmoja." Alitaka liwe mzaha, likamkwama. "Mikono yangu ni miwili. Mmoja unapiga pasi nguo za watu, mmoja umemshika huyu asiende barabarani. Meneja anashikwa na mkono gani?"

Fundi alikuwa anatoka nyumbani watoto wamelala na kurudi nguo zinanuka dizeli, akipokewa na mwanamke ambaye mgongo wake umesimama kama ubao. Wazo la shangazi lilikuwa la mkewe. Yeye alilikubali kwa kunyamaza, na sasa begi liko begani mwake.

*

Mlinzi wa geti la hospitali alifungua begi, akatoa kaptula, akatoa shati la mistari, akatoa kifuniko cha sufuria, akakigeuzageuza juani.

"Mnahama au mnakuja kupika?"

"Ni cha mtoto," fundi alisema.

"Sawa. Lakini viatu hivyo, baba, sakafu imepigwa deki sasa hivi. Mafuta hayo! Zungukeni mlango wa nyuma."

Wakazunguka, wakapita kwenye mapipa ya taka na mashuka yaliyoanikwa, mke wa fundi akitazama mbele tu, kwa sababu alikuwa amevaa gauni lake la heshima, lile alilolipiga pasi mwenyewe, na hakuwa na mafuta popote.

Kwenye korido ya kusubiri palikuwa na mashine ya maji baridi inayonguruma kwa chini. Balozi aliisikia kabla hawajakaa. Alilala sakafuni, akaiwekea shavu ubavuni na kuanza kuvuma. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akavuta miguu yake ndani.

"Jamani, mtoto wa nani huyu? Sakafu ya hospitali hii, wadudu wote wako hapo! Hana mwenyewe?"

Fundi alimtazama mkewe, maana ndiye aliyekuwa karibu na Balozi. Mkewe alikuwa anamfunga Meneja kofia. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena, kama kwamba kofia ile ndiyo iliyowaleta.

"Mimi nauliza tu," yule mama aliendelea. "Siku hizi watu wanazaa halafu—"

"Wa kwangu," fundi alisema. "Ni wa kwangu, mama."

Alisema kwa upole, na hapo akaona shingo ya mkewe inainama taratibu hadi kidevu kikagusa kofia ya mtoto. Hakumlaumu. Alitamani tu asingekuwa ameona.

*

Mtafiti aliyekuwa akiwasubiri kwa vipimo alikuwa binti mrefu mwenye viatu vya raba na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Aliwapokea kama wageni wa nyumbani, akamsalimia Balozi kwanza, na aliposhindwa kupata jibu akasema, "Haya, tutasalimiana baadaye," akaendelea. Alisema wanawatafuta watoto wachanga ambao kaka au dada zao wana usonji, kwa sababu watoto hao wana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine wa kuwa nao, na wanataka kujifunza dalili zake mapema, kabla mtoto hajafika umri wa kusema. Atamvisha viduara vitatu kifuani, vyenye nyaya. Haviumi. Mtoto atatazama picha, wao watatazama moyo.

"Na moyo unasema nini?" mkewe aliuliza.

"Ngoja nikueleze vizuri, mama. Baba naye akae asikie."

Lakini hapo ndipo Balozi alipotaka choo, na yeye hutaka kwa kuvua kaptula palepale aliposimama. Fundi akamzoa mbiombio. Chooni shughuli ilikwisha haraka. Kilichowachelewesha ni mashine ya kukaushia mikono. Ukiweka mikono chini yake inanguruma, ukiitoa inanyamaza. Balozi alikuwa hajawahi kuona kitu chenye akili kama hicho. Alipoondolewa alilia, akarudishwa, akaondolewa tena. Wauguzi wawili walipita wakatingisha vichwa. Fundi alisimama pale ameshika kaptula mkononi, akajiambia kwamba kesho mambo haya yatakuwa ya dada yake, na badala ya kupata nafuu akahisi kama mtu aliyesahau spana ndani ya injini na kufunga kifuniko.

Waliporudi, maelezo yalikuwa yameshatolewa. Mkewe alikuwa ameketi chumba cha ndani, Meneja kwenye mapaja yake, shati limefunuliwa, mbele yao skrini na pazia la kijivu. Chumba cha nje kilikuwa na meza yenye mashine. Kwenye mashine mstari ulikuwa unakimbia, na pembeni yake tarakimu: mia na arobaini na kitu.

"Baba, kaeni hapa na kaka mtu," binti wa vipimo alinong'ona. "Mlango nauacha wazi kidogo."

"Mia na arobaini? Si kasi sana hiyo?"

"Moyo wa mtoto ni kasi, baba. Ndiyo kawaida yake. Tusiongee."

Fundi akalishika hilo: kasi ndiyo kawaida. Akamkalisha Balozi mapajani, akaitazama tarakimu kama anavyotazama mshale wa kipimo kwenye kazi zake.

Picha zikaanza. Uso wa mwanamke anayecheka. Mpira mwekundu unadunda. Kengele. Upenyoni mwa mlango fundi aliona kichwa cha Meneja kinageuka huku na huku: kwenye pazia, kwenye nyaya zake, kwenye taa. Tarakimu ilipanda, ikashuka, ikapanda, haikukaa. Na aliona midomo ya mkewe. Alikuwa anamnong'oneza mtoto shingoni: "Angalia pale, mwanangu. Angalia, basi. Nakuomba."

"Mama, usimwelekeze, tafadhali," binti alisema. "Mwache mwenyewe."

Mkewe akafumba midomo, lakini goti lake lilikuwa linatikisika, na Meneja juu yake anatikisika nalo. Mia na hamsini. Mia na hamsini na tano. Fundi alijua sura ile. Ni sura aliyokuwa nayo mkewe alipompeleka Balozi shuleni asubuhi ile.

Hakuhisi Balozi anateleza kutoka mapajani. Alichosikia ni mlango kusukumwa. Ndani, kando ya skrini, palikuwa na kabati la chuma lenye feni, na feni ilikuwa inavuma tangu asubuhi bila mtu yeyote kuijali. Balozi alilifuata moja kwa moja. Binti wa vipimo alinyoosha mkono kumzuia, akaushusha. Balozi akalikumbatia kabati, akalaza shavu, akafumba macho, akaanza: mmmm.

Meneja akageuka.

Fundi hakumwona kwa wakati huo, maana macho yake yalikuwa kwenye mashine. Mia na hamsini. Mia na arobaini na moja. Mia na thelathini na nne. Alidhani itapanda kama ilivyofanya mwanzo. Haikupanda. Mia na ishirini na nane. Akatupa jicho ndani: Meneja ameduwaa. Hatingishi mguu, hapepesi macho, mdomo uko wazi, mate yananing'inia hayadondoki. Mia na ishirini na tatu.

Katika kazi yake, injini inayoshusha mzunguko yenyewe, hakuna aliyegusa kitu, haina maana mbili. Kwanza sauti inapungua, halafu inakuwa nzuri, laini kuliko siku zote, na fundi mchanga hufurahi hapo akidhani imepona. Halafu inazima.

"Inazima!" alipiga kelele. "Moyo unazima! Mtoto anakufa!"

Kiti kilianguka huku, mlango ukagonga ukuta kule. Alimpokonya mkewe mtoto, akang'oa viduara vyote kwa mpigo mmoja, nyaya zikaruka kama tambi, akambinua Meneja kichwa chini akampiga mgongoni kama mtu anayekung'uta plagi. Meneja, ambaye alikuwa katika raha kubwa ya maisha yake mafupi, alivuta pumzi ndefu ya mshangao, kisha akatoa sauti iliyosikika hadi getini.

"Baba! Baba!" Binti wa vipimo alikuwa ameshika mkono wake. "Yuko salama! Alikuwa anasikiliza! Baba, alikuwa anasikiliza tu!"

*

Ilichukua muda kwa watu wote kupumua. Meneja alipewa titi. Fundi alikalishwa kwenye kiti kilekile kilichoanguka. Mikono yake, ambayo ingeweza kushika bomba la moshi likiwa la moto, ilizinyoosha nyaya zilizokuwa miguuni pake, moja moja.

"Nyaya nitakulipa," alisema.

"Nyaya hazikukatika. Na kosa ni langu, sikukueleza wewe." Binti akavuta kigoda. "Sikiliza, baba. Mtu anatembea barabarani na haraka zake. Akisikia sauti ya mtu anayemjua, anafanyaje?"

"Anapunguza mwendo."

"Basi moyo wa mtoto hufanya hivyohivyo. Kikipita kitu tu, unaendelea na mbio zake. Akipata kitu cha kumshika, cha kukisikiliza hasa, unapunguza mwendo, unatulia, na unakaa hapohapo mpaka amalize. Tunachopima ni hicho. Ulichokiona kinashuka, ndicho tulichokuwa tunakitafuta tangu mwanzo."

Fundi aliigeukia mashine. "Kwa hiyo nimemuua mtu akiwa katika kusikiliza."

"Umemkatiza tu, baba."

Mkewe alikuwa anamtazama binti kwa macho makavu. "Kwenye picha haukushuka."

"Mama—"

"Niliona. Umeniambia utashuka akitazama, na haukushuka. Umeshuka kwa huyu. Sasa niambie. Anao au hana?"

Binti alichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. "Sijui, mama. Sikufichi. Hakuna kipimo cha asubuhi moja kinachojua. Mtoto anaweza kuwa na njaa, mama yake anaweza kuwa na wasiwasi na mtoto akausikia. Tunapima watoto wengi, mara nyingi, ndipo tujifunze kitu. Hata hiki kilichotokea sasa hivi, mimi sitakihesabu. Kaka mtu hakuwa kwenye mpango."

"Kwa hiyo nimekuja bure."

"Umekuja kusaidia. Jibu bado hatuna la kukupa."

"Na yeye?" Mkewe alionyesha kwa kidevu kwenye kabati. "Akimvumia mwenzake kutwa nzima, si ndiyo atamtia?"

"Hapana." Hapo binti hakusitasita hata kidogo. "Usonji haushikwi kwa kuigana, mama. Kama Meneja anao, amezaliwa nao. Kama hana, Balozi avume mpaka kesho, hatampa."

"Niliambiwa hivyo kliniki," mkewe alisema polepole. "Nilisikia. Sikuamini."

Balozi, ambaye kelele zote hazikumhusu, alikuwa ameokota kiduara kimoja sakafuni. Akakichunguza, akakilamba, akakitema. Kisha akakibandika kwenye kabati la chuma, katikati kabisa, pale ambapo kama kabati lingekuwa mtu moyo wake ungekuwa. Akasikiliza, shavu kwenye bati, kama daktari.

Mke wa fundi alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichokaa siku nyingi bila kutumika, kikitoka vipandevipande. Alicheka mpaka Meneja akaachia titi kutazama kuna nini.

*

Kutoka hospitali, stendi ilikuwa mkono wa kushoto na nyumbani kulia. Mkewe akashika kushoto. Fundi akafuata na begi lake, hakuuliza.

Shangazi alikuwa amesimama kando ya basi tangu lilipofungua milango, kikapu cha chakula miguuni, tiketi mbili mkononi. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mjane, mwanamke aliyezoea kuongea juu ya sauti ya sahani mia tatu.

"Nyinyi mnatembea kama harusi! Dereva ameniuliza mara nne. Balozi, njoo kwa shangazi. Haya usije, nitakuja mimi. Mdogo wangu, umekonda! Wifi, hujambo? Nipeni begi."

"Nipe begi, baba Balozi," mkewe alisema.

Fundi alilivua begani. Wakati ule lilikuwa na uzito, hakujua umetoka wapi. Mkewe alilipokea, akafungua zipu, akatoa kifuniko cha sufuria, akampa Balozi. Balozi akakipokea bila kumtazama. Kisha mkewe akafunga zipu, akalivaa begi begani kwake mwenyewe.

"Wifi, nisamehe," alisema. "Haendi."

"Nani haendi?"

"Balozi. Anabaki."

"Wewe!" Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Si wewe uliyenililia kwenye simu mpaka nikafikiri kuna msiba? Nimetoka kwangu alfajiri. Nimelipia viti viwili. Hicho cha pili nikae na nani, na marehemu mume wangu?"

"Kosa ni langu, wifi."

"Najua ni lako! Nauliza sababu."

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi. Abiria dirishani walikuwa wameacha kutafuna ili wasikie vizuri.

"Nilidhani anamwibia mwenzake," mke wa fundi alisema. "Nilidhani kila akivuma, kuna kitu cha Meneja kinakwenda. Leo wamemfunga nyaya, wamemwonyesha mipira, wamemwonyesha watu wanacheka, na mimi mama yake mzazi nimemshika hapa, na moyo unaruka kama panzi. Kaingia huyu. Hata hakumtazama. Kaweka uso kwenye kabati lake, na moyo wa mwenzake ukakaa kitako." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Hawajui kama Meneja atakuwa kama yeye. Nimewauliza, hawajui. Lakini wifi, kama atakuwa, si afadhali awe na mwenzake?"

Shangazi aliangalia tiketi zake. Fundi, aliyemjua dada yake tangu alipokuwa anambeba mgongoni, aliona kidevu kinavyokazana, akatambua jambo ambalo hakuna kati yao aliyelifikiria kwenye simu zote zile: kwamba mwanamke huyu hakuwa anawasaidia tu. Alikuwa anakwenda kupata mtu ndani ya nyumba.

"Chumba nimekipaka rangi," shangazi alisema. "Kijani. Mlisema anapenda kijani."

"Anapenda, dada," fundi alisema. "Tutamleta akione. Sote."

"Maneno." Aliinama, akasukuma kikapu hadi kwenye miguu ya mke wa fundi. "Chukua, mlishe. Mimi peke yangu sitamaliza. Na wewe, Balozi, umesikia? Serikali yako imekunyima ruhusa ya kusafiri."

Balozi alikuwa ameshaweka shavu kwenye ubavu wa basi. Injini ilikuwa imewashwa, bati lote linatetemeka. Mmmm, alivuma, na kutoka kwenye mbeleko, nyuma ya bega la mama yake, sauti nyembamba ikajibu: mmmm.

Mke wa fundi hakupiga makofi wala hakuita jina. Alipeleka mkono nyuma, akauweka kwenye ubavu wa mtoto, akautuliza hapo mpaka basi lilipoondoka.

*

Shangazi alisafiri na kiti kitupu pembeni yake na hakupiga simu kwa msimu mzima. Kisha alifika siku moja bila taarifa, na godoro lake, akasema nyumba yake ameipangisha. Aliishi nao hadi alipofariki. Chumba cha kijani Balozi hakukiona.

Mke wa fundi aliacha kwenda kupiga pasi majumbani kwa watu, akawa anachukua nguo zao na kuzipiga pasi nyumbani kwake. Mgongo unamsumbua hadi leo. Yule mama mwenye mkoba alikuja kuwa mteja wake. Hawakuwahi kulitaja jambo la korido, na huenda mwenzake hakumkumbuka.

Meneja alipelekwa vipimo mara nyingine mbili, na baba yake aliachwa nje. Alipotimiza miaka mitatu kliniki ilisema naye ana usonji, ila si kama wa kaka yake. Anasema, tena hanyamazi. Anasema juu ya pampu za maji. Yuko shuleni, ana rafiki mmoja, na upara umekwisha.

Balozi hakupata maneno, isipokuwa mawili ya kwake ambayo nyumbani wanayaelewa. Ni kijana mkubwa sasa. Anakaa karakana na baba yake, anafuta spana kwa kitambaa na kuzipanga. Akivuma, Meneja huacha kuongea.

Fundi bado anatengeneza jenereta. Mlinzi wa getini alihamishiwa geti lingine.

Binti wa vipimo alimaliza utafiti wake na kuhamia mji mwingine. Kipimo cha siku ile kilifutwa, kama alivyosema. Kile kiduara kilibaki kwenye kabati la chuma mpaka chumba kilipopakwa rangi upya.